Kamba za Viatu vya Vusumuzi

Kila asubuhi, katika chumba chao cha mtaa wa La Rochelle, kusini mwa Afrika, Mayasa alipiga magoti kumfungia mumewe kamba za viatu. Vusumuzi hakuweza kuinama tangu lori la jeshi lilipopinduka likamvunja uti wa mgongo, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi hadi nyayoni. Jambo hilo hakulijua jirani wala ndugu. Mayasa alilelewa Tanga, akafundwa kwamba mke ni vazi la mumewe.

Kwa hiyo daktari wa jeshi alipotaka kumpima upya, Mayasa alimpigia suti pasi, akamng'arishia viatu, akamshika mkono hadi mlangoni, amenyooka kama mshale. Daktari akamwona nadhifu, akaandika kwamba mzee anajivika mwenyewe. Kiwango cha ulemavu kikashushwa. Kiti cha magurudumu alichoahidiwa kikapotea, na matibabu ya mishipa yakakatwa.

Wakakata rufaa. Siku ya kusikilizwa, Mayasa alimsihi garini:

"Baba Nusaiba, leo usijikaze."

"Nilipokuwa kambini Morogoro, tukipigania uhuru, nilijikaza mbele ya simba, sembuse makarani?"

"Simba hakukuuliza maswali."

Vusumuzi akacheka. Hakucheka tena siku ile.

Mwenyekiti wa baraza la rufaa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alivitazama viatu vile vinavyong'aa.

"Baba, umevivaa mwenyewe?"

"Mwenyewe," akajibu Vusumuzi, kifua mbele.

Mwenyekiti akamgeukia Mayasa. "Ni kweli, mama?"

Mayasa alijua kwamba akinyamaza atakuwa amemsitiri, na atakuwa amemwangamiza.

"Si kweli," akasema. "Namvika mimi. Namwogesha mimi. Akijikojolea, nambadilisha mimi."

Wajumbe wakainamisha vichwa. Baada ya kunong'onezana kidogo, wakamrudishia Vusumuzi kiwango chake chote.

Walipofika chumbani Vusumuzi aliketi ukingoni mwa kitanda, na Mayasa, kama ilivyo desturi, akapiga magoti kumfungulia kamba.

"Acha."

"Miguu itavimba, Baba Nusaiba."

"Umenivua nguo mbele za watu, Mayasa. Viatu niachie."

Tangu binti yao azaliwe hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Mayasa alibaki pale sakafuni, mikono mapajani. Vusumuzi akajiburuta, akaipandisha miguu yake mmoja mmoja kwa mikono, akalala na viatu vyake juu ya shuka nyeupe, uso ameuelekeza ukutani.