Mate Juu ya Mfupa wa Magamba

Mfupa ule ulikuwa na mate yangu, hilo sikatai. Ninachokataa ni kuitwa mharibifu, maana nilichofanya ndicho ambacho angefanya mtu yeyote wa kwetu Ukonongo aliyelelewa vizuri. Yaliyofuata ndiyo yananichanganya. Nayapanga kichwani, yanapanguka, nayapanga tena.

Ilikuwa mwaka 1998. Mimi Pudensiana nilikuwa mpishi wa watafiti waliokuwa wakichimba chini ya mwamba mmoja upande wa Magamba. Mkubwa wao aliitwa Daktari Melkior, Mfipa mwembamba, mpole, anayecheka peke yake akiona mfupa. Siku ya tisa walifunua mifupa ya mtu aliyelazwa ubavu, magoti kifuani. Mgongo wake ulikuwa umekunjika katikati, pingili tatu zimeliwa na kugandamana kama ukoko wa ugali.

"Mama Paskalia, huyu ni wa zamani sana," Melkior aliniambia. "Maelfu ya miaka. Nadhani alikuwa na kifua kikuu cha mgongo."

"Kifua kinaumwaje mgongoni?"

"Mdudu wake anatembea. Anatoka kwenye mapafu, anakwenda kukaa kwenye mifupa, anaila."

"Siyo laana?"

"Laana haitoboi mfupa, mama. Ni ugonjwa, na siku hizi una dawa."

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Mgongo ule niliujua. Nilikuwa naupaka mafuta kila asubuhi nyumbani kwangu Majengo. Mjukuu wangu Dorice, miaka saba, niliyemchukua tangu alipoachishwa ziwa, alikuwa ameota kibiongo mwaka uliopita. Baba yake, Mabula, alisema mbele za watu kwamba kibiongo kile kimetoka nyumbani kwangu, kwamba mizimu ya kwetu inamdai mtoto. Akamkataza mke wake, binti yangu Paskalia, kukanyaga kwangu. Mtoto akaniachia, eti nikae na mzigo wangu. Hospitali hakutaka hata kusikia. "Kibiongo hakina sindano," alisema, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Nilipaswa kumwambia Melkior siku ile ile. Sikumwambia. Kwanza niliona aibu. Pili nilitaka karatasi, karatasi yenye mhuri inayosema mgongo wa namna ile ni ugonjwa, nikamtupie Mabula usoni mbele ya watu wale wale. Hasira zangu ndivyo zilivyo, zikishanitangulia njiani sizikamati tena.

Melkior alitueleza kwamba kipande cha mgongo ule kitapelekwa maabara ng'ambo. Kila kiumbe, alisema, kina alama yake iitwayo DNA, na huko wangetafuta alama ya yule mdudu ndani ya mfupa. Kwa hiyo glavu mikononi, kitambaa mdomoni, na asiwepo wa kuipumulia mifupa. Sisi sote, hata mpishi, tulisuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. "Ili nyie tuwajue," alisema, "tusije tukawachanganya na marehemu."

Lakini kila mchana, wenyewe wakienda kula, mimi ndiye niliyebaki kufunika turubai. Nilimwonea huruma marehemu. Ameamshwa bila hodi, anapimwa kwa rula, hakuna hata mmoja aliyemsalimia. Kwetu ukimgusa marehemu unamtambikia. Unakoroga unga wa uwele kwenye maji, unachukua funda mdomoni, unampulizia, unasema neno lako. Nikafanya hivyo siku nne, nikipuliza pale pale mgongoni palipomuuma.

"Pokea, tulia," nilimwambia. "Na unitolee ushahidi."

Mfupa ulikuwa mkavu, ukanywa yote. Kikohozi kilinibana kidogo, kama kawaida yangu ya miaka na miaka. Nilikuwa nausingizia moshi wa kuni.

Miezi mitano ilipita. Dorice alianza kuburuta mguu, nami nikasema moyoni, karatasi i njiani. Mwezi wa kumi na moja Melkior alikuja nyumbani na bahasha, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, mdudu wa kifua kikuu ameonekana."

Nikapiga kigelegele. Yeye hakucheka.

"Subiri. Kwenye mfupa huohuo wameona na DNA ya binadamu. Siyo ya yule wa zamani. Ni ya kwako."

"Mimi nimeingiaje mgongoni mwa marehemu?"

Nikadhani nimeelewa, nikafurahi.

"Basi ni babu yangu! Ni wa ukoo wetu!"

"Hapana, mama. Siyo ya kufanana na wewe. Ni wewe mwenyewe."

Ndipo nikamweleza habari za unga wa uwele. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sasa hatujui mdudu ni wa nani," alisema. "Wa kwake au wa kwako."

"Kwani yeye alikuwa anaumwa au haumwi?"

"Mgongo wake unasema ndiyo. Karatasi haiwezi kusema."

"Na mimi je?"

"Unakohoa tangu lini?"

Kabla sijajibu Dorice alitokea uani na kikombe cha maji kwa ajili ya mgeni, mkono mmoja ameegemeza pajani kama alivyozoea kutembea. Melkior alisimama. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Huyu analala na nani?"

"Na mimi. Tangu ana miaka miwili."

Alitupeleka hospitali siku hiyo hiyo, na baada ya vipimo nikaambiwa makohozi yangu yana mdudu. Picha ya mgongo wa Dorice ilikuwa sawasawa na mgongo wa yule wa Magamba. Daktari wa hospitali alisema dawa itamponya, mguu huenda ukarudi, kibiongo hakitanyooka. Alisema tungekuja mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Mimi nilificha, akaumbuka mtoto.

Nilikwenda Makanyagio kwa Mabula, Dorice nimemshika mkono. Maneno ya kumtupia nilikuwa nayo tangu zamani. Sikujua tena ni yapi yangu na ni yapi yake.

"Kibiongo kina sindano, Mabula," nilisema. "Na vidonge. Ni kifua kikuu, siyo mizimu."

"Kimetoka wapi?"

Angeweza kunyamaza. Akauliza.

"Kimetoka kwangu. Ulisema kweli, ila hukujua unasema nini. Wala mimi sikujua. Mchukue, alale mbali na mimi mpaka wanipe ruhusa. Sindano kila siku, usimkoseshe hata moja."

Paskalia alitoka ndani mbio, akampokea mwanawe bila kunitazama.

"Bibi," Dorice aliniita kutoka mlangoni, "nani atanipaka mafuta?"

Nilitaka kumwinamia nimjibu sikioni, kama tulivyozoea. Sikuinama. Nilikaza kitambaa mdomoni, kile ambacho Melkior alitugawia kwa ajili ya mfupa, na nikamjibu nikiwa mbali.