Rangi ya Midomo Kiganjani mwa Bibi

Shemeji yangu, mume wa dada, anafundisha hesabu, na kwa miaka mitatu tulimcheka kwa sababu ya vijiko. Wanaume wengine wakitoka kazini hulala au huangalia mpira. Yeye huketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kipande cha mti na kisu kifupi, maranda yakimwagika magotini kama anamenya kitunguu kisicho na mwisho. Kijiko chake cha kwanza nilikiomba nikavalie viatu. Cha pili kilitoboka katikati.

"Hicho ni chujio," alinijibu bila kuinua macho. Hapo nikajua dada yangu ameolewa na mtu wa kutaniwa bila kukasirika, na mtu wa namna hiyo hafai kupumzishwa.

Kisha Bibi yetu, ambaye sote tunaishi naye, akaanguka bafuni.

Nyonga haikuvunjika, ilipata mtikisiko tu, na baada ya wiki sita mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akaja nyumbani, akambonyezabonyeza, akasema mguu umepona. "Sasa asimame. Akifika mwisho wa mwezi ujao bado yuko kitandani, miguu itasahau kazi yake. Na kwa umri huu, mguu uliosahau haukumbushwi."

Tatizo halikuwa mguu. Tatizo lilikuwa mkono. Baridi yabisi imevipinda vidole vya Bibi kila kimoja upande wake, kama ndugu waliogombania kiwanja. Tulimletea mkongojo wa chuma wenye mpini wa mpira, akaushika, akauachia. Tukaleta fremu ya miguu minne. Akalia, na Bibi si mtu wa kulia. Kila alipoegemea, vifundo vya vidole vilimchoma hadi kwapani.

"Mume wangu," aliniita siku moja. Ndiyo, mimi ni mume wake. Tulioana nikiwa na miaka minne, mahari nikatoa biskuti mbili, moja nikaila njiani. "Vile viatu vyangu vya kutokea, mpe dada yako. Mguu wetu ni saizi moja."

Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akisimama getini kila asubuhi, akijua nani kahama, nani kanuna, na mtoto wa nani kapitia dukani kwanza badala ya kwenda shule. Sasa alikuwa anagawa viatu.

Nilimwambia Shemeji pale ngazini. Akaacha kuchonga, akaingia ndani na kumwuliza dada, "Mama, rangi yako ya midomo iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nyekundu, ile inayoshika."

"Nimeuliza ya nini, Mwalimu."

"Ya Bibi."

Nilidhani hesabu zimempanda kichwani. Kumbe alikuwa na magogo mawili ya mpera, unene wa mkono wa mtu, aliyoyakata kwa jirani miezi mitano nyuma. Alikuwa ameziba ncha kwa nta ya mshumaa, akayafukia ndani ya gunia la maranda yake yenyewe ili yakauke polepole. Mti ukikaushwa haraka, alisema, hukauka nje na ndani bado mbichi, basi unajipasua wenyewe. La tatu alilikata juzi tu, bado linatoa maji. Kwa hiyo yanayofaa ni mawili.

Alilikata la kwanza kwa msumeno, akalipunguza kwa patasi hadi likawa kama kiazi kirefu. Kisha akaingia chumbani, akaketi kitandani kwa Bibi, akampaka rangi kiganja kizima, polepole, hadi kati ya vidole.

"Nimepakwa kama bi harusi," Bibi akasema, "na bwana harusi ni gogo."

"Lishike, Bibi."

Akalishika. Alipoachia, gogo lilikuwa na madoa mekundu mahali mti ulipombana. Shemeji akaenda ngazini, akachonga madoa tu, maranda membamba kama ganda la kitunguu saumu, akarudi. "Lishike tena." Madoa mengine. Akachonga. Ikawa hivyo siku nne. Kila mara madoa yalizidi kuwa mengi na madogo, na akanieleza kwamba hiyo ndiyo dalili njema. Doa moja kubwa ni ugomvi. Madoa madogo kila mahali maana yake mkono na mti vimekubaliana.

Siku ya tano akaupachika mpini kwenye fimbo. Bibi, akiwa amekaa, akaufumbata, akatabasamu. "Hauumi," alisema. Tukamsaidia kusimama.

Alipoegemea, alipiga ukelele hata jirani akachungulia ukutani. Mkongojo ukaanguka upande wake, Bibi akaanguka kitandani upande wake.

"Nilijua," alisema, akageukia ukuta.

Zilibaki siku kumi na mbili kufika mwisho wa mwezi, na gogo moja.

Jioni hiyo Shemeji aliketi ngazini na mpini ulioshindwa, akiugeuzageuza. Nilimwonea huruma, na mimi nikimwonea mtu huruma huwa namchekesha, sina dawa nyingine. Basi nikamwigiza Bibi anavyotoka kitandani kwenda kwenye kiti, akijishikiza ukingo wa meza: mgongo umeinama, midomo imefura, kifundo cha mkono kimegeukia nje, nyama ya chini ya dole gumba ndiyo inayobeba mzigo wote, na vile vidole viwili vya mwisho vinaning'inia hewani kama wageni wasiojua wakae wapi.

Shemeji alikuwa anacheka. Ghafla akaacha.

"Rudia."

"Nini?"

"Huo mkono. Rudia."

"Shem, nilikuwa natania tu."

"Najua. Rudia."

Nikarudia. Akashika kichwa. "Mjinga mimi. Nimempima amekaa! Mtu aliyekaa hushika. Aliyesimama haishiki fimbo, anailalia."

Kesho yake tukaanza upya, safari hii Bibi amesimama. Mimi nyuma nimemshika kiuno, dada pembeni na rangi ya midomo, au tuseme kisiki chake, na Shemeji amepiga magoti mbele ameshikilia gogo. Bibi hakutaka. "Mmeshanifanya kichekesho mara moja."

"Bibi, usiposimama mimi naoa mwingine," nikamwambia.

"Nani atakuchukua na hayo masikio?" Lakini akasimama. Sekunde tano, akakaa. Madoa. Akasimama tena.

Nilianza kukaa ngazini na Shemeji badala ya kumpigia kelele kutoka dirishani, na huko nikaona nisichowahi kuona kwa miaka mitatu ya kucheka. Mahali pa dole gumba palihitaji kibonde, na hapo hapo nyuzi za mti zilikuwa zimepinda kuzunguka jicho la tawi. Akichonga kwa kunyoosha tu, kisu kingezama kwenye nyuzi na kung'oa kipande kizima, na gogo jingine hatuna. Kwa hiyo alichonga akishuka bondeni kutoka upande mmoja, akasimama katikati, akageuza mpini, akashuka kutoka upande wa pili.

"Hupandi mlima hata mara moja," alisema. "Ukipanda, mti unakupiga."

Kisu hakikutoa sauti ya kukata. Kilikuwa kama kinanong'ona. Nilijikuta nimezuia pumzi, mimi ambaye hata msikitini au kanisani ukinipeleka nitakohoa.

Siku ya tisa mpini ulikuwa umekamilika, na ulikuwa mbaya! Ulifanana na tangawizi. Huku umevimba, kule umebonyea, ubavuni una rafu ndogo ya vile vidole viwili vya mwisho, ili vikae tu bila kushika. Shemeji aliusugua kwa msasa, akaupaka mafuta, akauweka mezani ukauke.

Hakukuwa na mtu sebuleni. Nikaushika. Ukanikataa. Dole gumba langu halikupata mahali, vidole vyangu vikapandana. Nikaugeuza, nikalegeza mkono, nikakunja vidole taratibu kule mpini ulikotaka. Kila uvimbe wa mti ulikuwa shimo la kiganja chake, kila shimo la mti kifundo chake. Nilikuwa nimeshika mkono wa Bibi kutoka ndani. Maumivu yote ambayo hakuwahi kutueleza yalikuwa pale, yamechongwa, ningeweza kuyahesabu kwa kidole. Niliuweka chini taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Asubuhi tulimpa, umeshapachikwa kwenye fimbo. Tulikuwa tumeweka kiti hatua nne kutoka kitandani, ndiyo safari tuliyompangia.

Bibi alitazama mkongojo. "Ni tangawizi hii?"

"Jaribu, Bibi," Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi.

Mkono ukashuka, ukafunga. Sijui nieleze vipi. Vidole vyote vitano, vile vilivyogombana miaka kumi na tano, vilikwenda kila kimoja mahali pake bila kuambiwa. Akasimama. Akaegemea. Nilisubiri ukelele.

Akatazama mkono wake kama anauona mara ya kwanza. Akabana zaidi. Akaegemea uzito wote.

Akapiga hatua. Ya pili. Ya nne akafika kwenye kiti, na dada akakisogeza akae. Bibi akakizunguka. Akapita ukumbini, mkongojo ukigonga sakafu, mimi nyuma nimetandaza mikono kama mtu anayefukuza kuku. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka wazi wazi, amesahau kwamba ameziba njia.

"Mwalimu," Bibi akamwambia, "utanipisha, au na wewe nikupake rangi?"

Akampisha. Bibi akakanyaga ngazi ya kwanza, kati ya maranda, akashuka kuelekea getini.