Chupa ya Kaka

Pale maabara walimwita Bwana Safi, na jina alilistahili. Glavu alizibadilisha mpaka mtunza stoo akalalamika, na mezani kwake hata nzi angetua kwa kubisha hodi. Ndiyo maana siku alipoitwa ofisini na kuambiwa amechafua sampuli za watu, alidhani anataniwa.

"Za wanaume wa kule milimani, zote," mkuu wa maabara alisema, akimgeuzia kompyuta. "Zimefanana na mate yako. Kesho zinachomwa."

Kanuni aliijua vizuri. Mate ya kila mfanyakazi wa kiume yalikwisha kupimwa na kuhifadhiwa kwenye mashine. Sampuli ikifanana naye kwa upande wa baba, ni uchafu wake, dawa yake tanuri. Kanuni nzuri hiyo kwa mjini, ambako kila nyumba ina babu yake. Lakini mate haya yalitoka kule juu milimani, yamechukuliwa ili ijulikane kama wanaume wa huko wamerithi lugha yao pamoja na damu ya baba. Kule miamba imefunga njia, mgeni hapandi, na wanaume wote ni wa babu mmoja. Babu huyohuyo ndiye babu yake Bwana Safi.

"Dokta, mimi ni wa huko. Hao ni baba zangu."

"Si ulisema kwenu ni bondeni?"

"Bondeni ni kwa mama. Walipoachana na baba, nilishuka nimebebwa mgongoni. Kaka yangu akabaki na baba."

"Basi tutawatuma watafiti wakachukue mengine."

"Kwa nani?" Sauti ilimpasuka. "Kwa nani, dokta?"

Mlima ulikuwa umeporomoka wakati wa mvua, watafiti wakiwa wameshashuka na sanduku lao. Waliopona ni wanawake waliokuwa sokoni. Baba hakuonekana. Kaka hakuonekana, hata kiatu chake. Kaburi la kwenda kulilia halikuwepo. Kila asubuhi Bwana Safi alifungua friji akawaamkia kimoyomoyo, kisha akaanza kazi. Sasa hata mate hayo yaende motoni, eti kwa uchafu wake!

Akapiga magoti, mtu mzima na koti lake jeupe. "Pima upande wa mama. Kule mwanaume habanduki kwao, ila mke huolewa kutoka mbali, huyu bonde hili, yule bonde lile. Kama mate ni yangu, mama atakuwa mmoja. Kama ni yao, mama watakuwa mbalimbali."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na wakati mwingine afadhali mtu mbaya. Akamwagiza mpimaji mwingine azipime upya, Bwana Safi asiguse hata mlango.

Majibu yakatoka. "Umesema kweli," mkuu alikiri. Chupa ya baba ikarudi kwenye friji, na za baba wadogo, na za binamu. Bwana Safi alishika meza akalia bila haya.

"Isipokuwa hii," mkuu akasema taratibu. "Hii ni wewe. Kwa baba na kwa mama."

"Huyo ni kaka! Baba mmoja, mama mmoja."

"Mashine yetu inasoma pande hizo mbili tu. Nikutofautishe naye kwa kipi?"

Kaka aliongea lugha ya juu tangu utotoni. Yeye aliijua ya mama peke yake. Mara ya mwisho walipokutana walicheka sana, wakaonyeshana kwa mikono, kisha wakala kimya. Tofauti yao nzima ilikuwa ulimini, na mashine haina masikio.

"Alikuwa anaongea lugha ya kwao, dokta. Mimi siwezi."

"Nakuamini," mkuu alisema. "Lakini sina pa kuliandika hilo."

Kwa kanuni, aliyechafua ndiye anayetupa. Bwana Safi alivaa glavu mpya kwa mazoea, akaichukua chupa ya kaka yake mpaka kwenye tanuri. Alitaka kumwambia neno moja la kuagana, kwa lugha yake, alielewe. Alisimama pale hadi mtu wa tanuri akamwuliza, vipi, unaleta au huleti.

Hakulijua neno hata moja. Akaileta.