Mfalme Aliyewafukuza Askari Mlangoni

Katika nchi ya Weusi, iliyokaa upande mmoja wa ubao wa sataranji, kila mtu alipangiwa mraba wake tangu zamani na hakuna aliyeulizwa. Mfalme alikaa katikati ya safu ya nyuma. Upande mmoja alikuwa na Malkia, upande wa pili Askofu, kisha Farasi, kisha Ngome. Ng'ambo ya Malkia walikaa wengine watatu wa vyeo hivyo hivyo, ambao hawakuitwa barazani. Mbele yao walisimama askari wanane, na migongo yao ndiyo iliyokuwa kuta za wakubwa. Sheria ya kwanza ya nchi ilisema kwamba Weupe, majirani wa ng'ambo, huanza daima, na Weusi hujibu. Ya pili iliwahusu askari peke yao. Farasi anaweza kurudi alikotoka, Malkia anaweza kurudi, hata Mfalme anaweza kurudi, lakini askari akishatoka ametoka. Nchi yenye akili ingemfikiria sana askari kabla ya kumtuma. Hii haikuwa nchi ya namna hiyo.

Malalamiko yalianza kwa jambo dogo, tena la haki. Chande, askari aliyesimama mbele ya Askofu, na Mlekwa, aliyesimama mbele ya Farasi, waliomba waambiwe wanakufa kwa ajili ya nini. Basi. Hawakuomba nyama wala cheo. Lakini ombi lao lilimfikia Mfalme kupitia kwa Askofu, na kwa Askofu hakuna neno lililotoka kama lilivyoingia.

"Wananong'ona, Mtukufu," alisema Askofu. "Hapo hapo mlangoni pako."

Tangu hapo Mfalme aliwaogopa walinzi wake kuliko alivyowaogopa Weupe. Kila walipopumua, yeye alisikia visu vikinolewa.

Ndipo Weupe wakaanza. Askari wao wa katikati alitoka hatua mbili, na nyuma yake njia ikamfungukia Malkia wao. Mfalme wa Weusi akaita baraza lichague namna ya kujitetea.

Farasi alisema kwanza. "Mtukufu, jambo hili halina ugumu. Tumtume askari wetu wa katikati akaonane na wa kwao. Mimi niruke nje. Askofu naye atoke, halafu wewe uhamie pembeni kwa Ngome. Ila Chande, Mlekwa na mwenzao wa ukingoni wasiguswe. Hao ndio mlango wako."

"Yaani nikajifiche nyuma ya hao hao wanaonisema?"

"Wameuliza swali tu, Mtukufu."

Askofu akakohoa kidogo. "Mimi napendekeza atolewe Chande, hatua moja. Tutauita Ulinzi wa Uaminifu. Adui ataona kwamba tunajiamini hata mlango tunaacha wazi."

Baraza likapiga makofi. Malkia hakupiga, lakini pia hakufungua mdomo. Alikuwa na nguvu kuliko wote nchini, na mimi simsamehe ukimya ule.

"Chande akitoka," Farasi akasema, sauti ikianza kumpanda, "inafunguka barabara ya mshazari, kona kwa kona. Inatoka ukingoni, inapita mbele ya Mlekwa, inapita pale alipokuwa Chande, inaingia moja kwa moja kwako!"

"Barabara ipi?" Askofu akacheka. "Maisha yangu yote natembea mshazari. Hiyo sijawahi kuiona."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo penye balaa. Askofu yule alizaliwa kwenye mraba mweusi, na askofu hukanyaga rangi aliyozaliwa nayo mpaka siku ya kufa. Barabara ile ilikuwa ya miraba myeupe mitupu. Kwa kuwa hakuwahi kuikanyaga aliapa kwamba haipo, na baraza likamwamini kwa sababu yeye ndiye mtaalamu wa mshazari. Watu wa namna hii nimewaona, nawe umewaona, nao huwa hawakosi kazi.

Chande akatoka. Weupe wakamleta katikati askari wao wa pili, bila haraka, kama mtu anayepanga viti kabla wageni hawajafika.

"Bado nasikia pumzi," Mfalme akasema barazani. "Ni Mlekwa. Naye atoke."

Farasi akapiga magoti. "Nakuomba, Mtukufu. Akibaki nyumbani, siku ya hatari anaweza kutoka hatua moja akaiziba ile barabara. Kama ni lazima atoke sasa, basi iwe hatua moja tu, asimame juu yake. Ukimpeleka mbili ataipita, na hawezi kurudi. Sikutishi. Nimelipima kila jibu la Weupe. Tunakwisha!"

"Hatua moja bado nitamsikia," Mfalme akajibu. "Mpelekeni mbili."

Mlekwa akapita. Farasi alimwita, "Ndugu yangu, nisamehe," na Mlekwa akamjibu bila kugeuka, "Wewe umesema, Farasi. Hawakutaka kusikia." Farasi akabaki akiutazama mgongo wake ukienda.

Malkia wa Weupe hakukawia. Alikuja mpaka ukingoni, akasimama bega kwa bega na Mlekwa, karibu kiasi cha kuguswa. Lakini askari hupiga mshazari wa mbele; wa ubavuni hampati. Mlekwa aliukaza mkuki kwa hasira isiyo na pa kwenda, huku Malkia yule akimtazama Mfalme kupitia barabara ambayo haikuwepo.

"Mlekwa!" Mfalme akapiga kelele. "Rudi! Hatua moja tu!"

"Siwezi, Mtukufu."

"Nakuamuru!"

"Hata ukiniamuru. Ulijua."

Mfalme akatafuta pa kukimbilia. Huku Malkia wake, huku Askofu, mbele askari wawili ambao hawakuwahi kutumwa popote. Alizingirwa na watu wake mwenyewe. Mraba pekee uliokuwa wazi ni ule alioutoka Chande, na huko adui alikuwa anaangalia.

"Askofu, ziba wewe!"

Askofu akaitazama barabara kwa mara ya kwanza. "Ni nyeupe, Mtukufu," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kuikanyaga."

Malkia wa Weusi alikuwa amefungiwa pande zote na jamaa zake, na nguvu zake zote zilikuwa bure. Farasi alipima kila mruko alioujua, akaupima tena akilia, na hakuna hata mmoja ulioangukia njiani. Wote kumi na sita walikuwa wazima, hakuna aliyemwaga tone la damu, na nchi ilikuwa imekwisha. Sheria ilisema mfalme akinaswa, hakuna anayesogea tena.

Mfalme akatoa amri yake ya mwisho: Mlekwa akamatwe kwa uasi, kwa kuwa ameitwa akakataa kurudi. Askofu aliisoma kwa sauti kubwa ili isikike mpaka mbele.

"Njooni basi," Mlekwa akajibu.

Hakuna aliyeweza kwenda.