Sufuria ya Kambale

Miaka ile Zaire ilipokuwa inabomoka, mfungwa alilishwa na mke wake au hakulishwa na mtu. Serikali ilikuwa na kuta na makufuli, chakula haikuwa nacho. Stanislas alikamatwa mgodini Kamatanda akichimba mawe ya shaba bila kibali, akatiwa gerezani nje ya Likasi, na hakuna hakimu aliyemwita. Tangu kipindupindu kiingie ndani, wake walikatazwa kuwaona waume zao. Mkewe, Émérence, alimpa askari Fidèle sufuria ya bukari, ugali wa kwao, langoni, akangoja nje, na sufuria ikarudi tupu, imelambwa. Akafurahi. Mtu anayekula si yuko hai?

Mpaka Angèle, aliyezoea kungoja naye pale, akamnong'oneza: "Ma Émérence, ulisikia ya Martine? Alipikia bwana yake musimu yote ya mvua. Kumbe walisha kumuzika zamani. Sufuria ilikuwa inarudia tupu vilevile."

Tangu hapo Émérence akawa anasonga bukari asijue anamsongea nani. Kuuliza aliogopa, mwanamke akiuliza sana, mumewe ndiye hupigwa. Basi akawaza jambo. Katika ukoo wa Stanislas kambale ni mwiko. Anayemla, wanasema, huota vidonda mwili mzima akafa. Samaki huyo hakuwahi kuingia nyumbani mwao. Émérence akamnunua sokoni, akampika na nyanya, akampeleka. Kambale akirudi mzima, Stanislas yuko hai.

Jua lilimchoma pale nje mpaka Fidèle akatoka na sufuria. Émérence akafunua kifuniko. Mifupa mitupu. Hata kichwa kimenyonywa.

Akamgeukia Fidèle. "Shefu, muliua bwana yangu."

"Nani amekufa? Mama, rudia kwako."

"Miye siendi. Munionyeshe uso wake, ama maiti yake."

"Mama huyu iko na kichwa nguvu!" Fidèle akainua fimbo.

Angèle akasimama. "Piga, shefu. Ila kesho hatuleti kitu. Mutakula makufuli yenu."

Wanawake wengine wakaitikia, ingawa kila mmoja alijua kwamba wa kwanza kulala njaa angekuwa mumewe. Lakini askari hawakuwa wanalipwa mshahara. Wao pia waliishi kwa kumega sufuria zile. Fidèle akashusha fimbo. "Dakika moja tu."

Wafungwa wawili wakamleta Stanislas wamemshika makwapa. Yuko hai. Lakini Émérence alirudi nyuma kidogo, kwa jinsi mbavu zilivyohesabika.

"Ulikula kambale?"

"Nilikula."

"Na mwiko?"

Stanislas akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Kuko mufungwa mumoja, askari walimupa fimbo atutawale. Tunamuitaka kapita. Yeye njo anakulaka sufuria zako zote, miye ananiachiaka kulamba tu. Leo amefunua, akaruka kama ameona nyoka. Ni wa ukoo wetu. Ya leo tu njo imenifikia."

"Imetosha!" Fidèle akaanza kusukuma lango.

Stanislas alikuwa anajikuna mkono. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukiona. Kisha akashika chuma cha lango kabla halijafungwa.

"Mama, kesho leta kambale. Kila siku, kambale tu."