Namba Kumi na Nne

Tangu niingie chuo sijawahi kukosa mazoezi ya mpira hata siku moja. Rejista ya timu ipo, nenda kaisome: namba kumi na nne ina alama ya vema kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Weldon, tunayekaa naye chumba kimoja, akinisikia hapo hucheka mpaka anashika mbavu. Sawa. Wacha nieleze, maana hata mimi sijui vizuri nilikuwa wapi na nilikuwa nani.

Muhula uliopita timu yetu ilikuwa timu. Tulijuana hadi kwa kikohozi. Tukafunga chuo, nikaenda nyumbani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai karibu na Kericho, ambako baba yangu, Mzee Obonyo, anafanya kazi kiwandani. Kurudi, kocha amehamia chuo kingine na wachezaji saba nyuma yake kama vifaranga. Kipa naye amehama peke yake, na hakuna anayejua ameenda wapi. Uwanja umejaa vijana wa Bomet, wa Sotik, wa Kapsoit, kila mmoja ameambiwa na mtu fulani kwamba nafasi iko. Nikamkumbatia beki mmoja.

"Omera, ndugu yangu, umenenepa likizo!"

"Mimi nimefika jana," akasema.

Kama hiyo haitoshi, bodi ya chuo ikapunguza skolashipu. Zamani wachezaji ishirini na watano walilipiwa karo. Sasa ni kumi na sita, basi. Na sisi uwanjani tulikuwa thelathini na wanane. Nikajaribu kukisia nani ataachwa, nikajikuta nimemwacha kipa ambaye ameshaondoka.

Aliyepewa kazi ya kuchagua ni Mwalimu Sagini wa michezo. Kabla ya kuja chuoni alikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai miaka kumi na mmoja, na ukarani haujamtoka. Kule kituoni gunia hupimwa kwa namba ya mkulima. Aliyelileta awe mke, mtoto au kibarua, karani hainui kichwa. Basi Sagini akasimama kando ya uwanja na rejista yake, anasoma migongo. "Tisa, yuko. Kumi na moja, yuko. Kumi na nne, yuko." Sura hakuzitazama, na jinsi zilivyokuwa zikibadilika kila wiki, ningekuwa yeye nisingezitazama pia.

Jezi zenye namba zilikuwa thelathini. Waliokosa walikaa kwenye nyasi wakingoja mtu avunjike mguu. Mmoja wao alikuwa Kipngetich wa kutoka Bomet, mpole, mguu wa kushoto kama nyundo. Hakuwa na mahali, kwa hivyo alilala sakafuni kwetu, kati ya kitanda changu na cha Weldon.

Wiki ya pili nikapata kazi ya mdomo. Duka la blanketi na vyombo lilikuwa linafunguliwa Litein, wanataka mtu asimame juu ya meza na maikrofoni aite wateja, wiki mbili mfululizo, kila alasiri, saa zilezile za mazoezi. Mimi na maikrofoni! Nikamrushia Kipngetich jezi yangu.

"Vaa, kimbia, usiongee. Ukisikia kumi na nne, inua mkono."

"Nikiulizwa jina je?"

"Hapa hakuna anayeulizwa jina, bwana."

Nilifikiri namsaidia. Kweli nilifikiri hivyo.

Wiki ya nne, Ijumaa, orodha ikabandikwa ukutani. Namba tupu, bila majina. Namba ya Weldon haikuwemo, lakini karo yake hulipwa na mjomba wake, hakujali. Mimi nikaona kumi na nne, nikaruka.

"Sasa unaruka nini?" Weldon akaniuliza. "Hiyo kumi na nne ni nani?"

Nikaitazama ile namba tena.

"Jezi ni yako, jasho ni la Kipngetich," akasema. "Labda mgawane. Wewe usome asubuhi, yeye jioni."

Sikucheka. Bila hiyo skolashipu narudi shambani, na Mzee ameshawatangazia wenzake kiwandani kwamba mtoto wake anasomeshwa na miguu yake. Na Kipngetich je? Yeye bila hiyo hana hata sakafu. Niliporudi chumbani nikakuta jezi imefuliwa, imekunjwa, iko juu ya kitanda changu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa: ananirudishia jezi, au ananiuliza kitu?

Jumatatu tukaitwa ofisini kuandikisha majina. Nikavaa jezi. Sagini akatazama mgongo kwanza, akaridhika, kisha akaniambia nigeuke.

"Mbona umefupika?"

"Ni baridi, mwalimu."

Nyuma yangu sauti ndogo ikasema, "Mwalimu, kumi na nne ni mimi." Kipngetich, na shati lake la sekondari.

Sagini akaweka kalamu chini. "Kituoni ningejua la kufanya. Namba ina mwenyewe, kwisha. Lakini hapa bodi inamlipia aliyekimbia. Nani alikimbia?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," Kipngetich akasema.

"Mwalimu, huyu namjua, analala kwetu," nikasema, na mdomo ukaendelea bila kunisubiri. "Ni kijana mzuri, ila analala vibaya, anaota mchana."

Kipngetich akanitazama. Hakukasirika. Alishangaa tu, kama aliyekaa kwenye kiti akakuta hakipo.

"Jumatano ya wiki ya tatu bao lilifungwaje?" Sagini akauliza.

"Kwa kichwa!"

"Jumatano hatukucheza, mwalimu," Kipngetich akasema. "Mpira ulipasuka."

Sagini akapekua rejista yake. Ilikuwa na alama za vema, mipira iliyopasuka haimo. Akatutazama, akatazama jezi, na ukarani ukamshinda. Akachukua kalamu, akaniuliza jina, akaanza kuandika polepole: Phelix Ou...

Mlango ukafunguliwa. Mama Eddah, mpishi wa chuo, akaingia na chupa ya chai ya mwalimu. Akaniona, akasimama.

"Wewe! Kumbe uko hapa! Mwalimu, huyu mtoto aliniuzia blanketi Litein na spika kubwa hivi, eti manyoya hayatoki. Yametoka yote, nyanyangu amebaki na kitambaa!"

Kalamu ilikuwa imefika kwenye K ya jina langu la pili. Haikuandika K.

"Lini, Mama Eddah?"

"Jumatano ile ya wiki ya pili, mwalimu, nimeenda kununua kabeji za chuo. Na Jumatano iliyofuata nikarudi kulalamika, bado yuko juu ya meza anapiga kelele. Phelix, si ni wewe? Hebu mwambie mwalimu."