Mashine Moja ya Afande

Kompyuta ya Afande Otema ilikuwa imekufa mikononi mwa Victoire, na safari hii hakuweza kuisingizia betri. Alibonyeza kitufe tena. Feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, kisha kioo kikabaki cheusi na kimya kama mara zote tangu asubuhi. Bisibisi ikamponyoka na kuviringika hadi kwenye meza ya vitenge ya Marie-Jeanne.

"Imekufa?" Marie-Jeanne aliuliza. Wote wawili walikuwa wakimbizi kutoka Bukavu, Kongo, na huku ugenini walikodi kibanda kimoja kwenye mtaa wa Kamwokya: upande huu vitenge, upande ule simu na kompyuta mbovu.

"Haiyakufa. Imenyamaza tu."

"Na mwenyewe anakuya saa ngapi?"

"Saa kumi."

Marie-Jeanne alitazama kilima cha Naguru, alikokaa yule polisi, akafanya ishara ya msalaba.

Ukweli ni kwamba kompyuta ile ililetwa na kasoro ndogo tu, bawaba iliyovunjika. Victoire aliitengeneza, akampigia mwenyewe simu kwamba kazi imekwisha. Fundi mwenye akili zake angeifunga na kuiweka rafuni. Lakini Victoire ana ugonjwa wake. Yeye ni mmoja wa watu wanaotengeneza Msomaji, programu huria inayowasomea wasioona maneno yaliyo kwenye kompyuta. Ni kazi ya kujitolea. Wametawanyika duniani, wengi hawajawahi kuonana, na kila mmoja ana aina ya mashine anayoitunza. Huyu Linux, yule Mac, mwingine simu. Windows za zamani hakuna aliyezitaka. Wenzake walishazitupa, ila hapa Kamwokya bado zinaletwa kila wiki, nyingine zimeshikwa kwa gundi, na wenyewe wanazipenda kufa. Basi Victoire akazichukua yeye.

Tatizo ni kwamba hana hata moja ya kwake. Kwa hiyo hujaribia kwenye za wateja. Mashine ikishapona huweka Msomaji kimyakimya, huisikiliza, huiondoa, huirudisha kwa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kujua. Mtu huzoea kosa lake kama anavyozoea kiatu, na chake kilikuwa kimemkaa vizuri miaka yote, mpaka leo alipoweka Msomaji mpya kwenye mashine ya Afande, nayo ikazimika.

Ukimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, atacheka na kubadilisha mazungumzo. Ni kwa sababu ya Mwalimu Guerschom, kipofu anayefundisha watoto wasioona kule Bukavu kwa kompyuta kuukuu walizopewa na parokia. Mara ya kwanza kutumia Msomaji, mwalimu alimwandikia hivi: "Mama, leo nimesoma maneno bibi yangu ameniandikia bila kuomba mutoto wa jirani anisomee." Victoire alilia siku ile, akajificha nyuma ya vitenge asionekane.

Lakini Msomaji wa sasa husoma Kiswahili kwa kinywa cha Kifaransa, watoto wanamcheka kama padri mgeni. Toleo jipya ndilo la kwanza kusema Kiswahili cha watu. Na wenzake walishachoka na mashine za zamani. Celestine, mratibu wao, alikuwa ameandika bila kumung'unya maneno: toleo linatoka kesho asubuhi, na kama Windows ya zamani bado inagoma kwa baadhi ya wanaoijaribu na hakuna ajuaye sababu, wataiacha moja kwa moja.

Sababu ilikuwa humo ndani ya kompyuta ya polisi. Kwenye mashine nyingine alizojaribu, kosa lile halikujionyesha.

"Futa yote," Marie-Jeanne alisema. "Ulishakopia vitu yake, si vile?"

"Nilishakopia."

"Njo ufute, uweke Windows mupya, urudishe vitu yake. Hatajua kitu. Victoire, weye uko mukimbizi. Mukimbizi haendake kujishitaki kwa polisi."

Alisema kweli, na hapo ndipo palipouma. Kufuta kungemwokoa. Kungefuta pia kosa lenyewe, asijue kamwe kilichoinyamazisha mashine, na watoto wa Guerschom wangebaki na padri wao. Alihitaji usiku mmoja tu na mgonjwa huyu. Usiku huo haukuwa wake.

Na aliogopa, aliogopa hasa. Kule Bukavu watu wenye sare waliwahi kubisha mlangoni kwao wakamuulizia mume wake kwa upole sana. Tangu hapo ukali wa askari haumtishi kama upole wao.

Alikuwa ameshachomeka flashi ya kufutia, kidole kiko juu ya kitufe, turubai la mlangoni likainuliwa.

"Habari, nyabo," Afande Otema alisema kwa upole, akimwita "mama" kwa lugha ya wenyeji. Alikuwa mrefu, sare imelowa mvua mabegani. "Komputa yangu iko tayari?"

Amewahi. Saa kumi ilikuwa bado. Marie-Jeanne akawahi kusukuma kiti. "Karibu, afande, kaa. Bado kidogo tu."

"Bado ni nini? Huyu alinipigia mwenyewe, akasema imeisha."

Victoire alichomoa flashi. Hakujua ameamua lini.

"Afande, niliweka kitu ndani ya kompyuta yako. Kitu yangu. Sikukuomba ruhusa. Sasa haiwake."

Marie-Jeanne alifumba macho. Afande alikaa taratibu.

"Kitu gani?"

"Programu. Ya kusomea vipofu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu."

"Wanakulipa ngapi?"

"Hawanilipake."

Alijua papo hapo kwamba jibu hilo ndilo baya kuliko yote. Uso wa Afande ulikaza. "Hapana. Mtu hawezi kufanya kazi ya bure ndani ya komputa ya afande. Sema ukweli, madam. Ulisoma vitu yangu?"

"Nilikopia ili visipotee. Sikufungua hata kimoja." Akaanza kumweleza habari za Guerschom, watoto, sauti mpya, maneno yakigongana, na kadiri alivyosema ndivyo ilivyosikika kama hadithi ya mtu aliyebanwa. Nani angeamini? Hata yeye, kwa masikio ya polisi, asingeamini.

Afande aliifunga kompyuta. Victoire akaona anataka kuondoka nayo, akafanya jambo ambalo Wakongo wa Kamwokya huambiana wasilifanye kamwe. Alitoa kadi yake ya ukimbizi kwenye mkoba, akaiweka juu ya kompyuta iliyofungwa.

"Shika hii rehani. Niachie mashine mupaka kesho asubuhi. Nikishindwa, unipeleke kwenye unataka."

"Victoire!" Marie-Jeanne alinong'ona.

Afande aliigeuza kadi, akatazama picha, akamtazama mwenye picha. Kisha aliitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Kesho asubuhi," alisema. "Mimi nitakuja mwenyewe." Akainama kupita chini ya turubai.

Marie-Jeanne alikaa juu ya vitenge vyake. "Sasa utapita namna gani kwenye njia panda? Hapo polisi banauliza kadi kila siku."

"Sipite. Nitalala hapa."

Victoire alichukua simu, akamwandikia Celestine: *Windows ya zamani bado. Kosa ninalo mkononi. Nisubirini mpaka asubuhi.*

Jibu lilikuja upesi, na uso unaotabasamu mwishoni: *Sawa! Ila usijichoshe, dada. Hii ni kazi ya kujitolea tu.*

Aliisoma mara mbili. Kisha alivuta kompyuta karibu, akafumba macho ili asikie vizuri, akabonyeza kitufe. Feni ilianza kuzunguka.